Sura Moja Kwenye Karatasi Nyeupe

Sogea unisikilize, wewe ambaye wazazi wako walitua Sydney na mabegi yao, ukakulia huku kama mimi. Nitakueleza polepole, kwa sababu habari yenyewe ni ya picha, na picha hazielezeki kwa haraka.

Juzi mama yangu mdogo alihama nyumba, akaniachia bomba refu la kadibodi nimtunzie. Nilipong'oa kifuniko ikatoka harufu ya wino wa kuchapia, kali kidogo na tamu kidogo, kama mafuta ya taa yaliyokamuliwa ganda la chungwa. Sikukunjua karatasi hata moja. Nilikaa sakafuni na ile harufu, nikajikuta tena katika chumba chetu cha mtaa wa Doonside, hapa Sydney, enzi ambazo mimi nililala kitanda cha juu na Mama mdogo Furaha akalala cha chini, na ukuta mzima mbele yetu ulikuwa umejaa matangazo ya Kijapani.

Nyumbani hatukusema tangazo wala bango. Tulisema afishi, kama watu wote wa Bukavu. Na Mama mdogo alikuwa anasomea afishi. Ndivyo mama yangu alivyowaeleza watu kanisani, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa ambao daktari bado hajaupatia jina. Dada yake mdogo alikuwa na akili, alikuwa na viza, alikuwa na Kiingereza, na katikati ya Wakongo na Wakenya ambao kila binti yao alikuwa anasomea uuguzi au utunzaji wa wazee, yeye kila asubuhi alipanda treni kwenda chuoni Parramatta kujifunza kupanga herufi kwenye karatasi.

Walikuwa wamekubaliana. Mama alimpa mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka kazi yake ikionekana kuwa na maana kwa watu, ataendelea. Isipoonekana, ataacha, atachukua kozi ya kutunza wazee, na Mama atamtafutia nafasi pale pale alipokuwa akifanya kazi yeye, kwenye nyumba ya wazee. Hakukuwa na ugomvi. Mama alilisema jambo hilo huku akichambua sombe, yale majani ya muhogo, na Mama mdogo akaitikia huku akiosha sufuria. Lakini mimi niliyelala juu yake nilimsikia akigeukageuka, na nilijua, kama mtoto anavyojua, kwamba mtu yule anaogopa.

Sasa nikueleze zile afishi za ukutani, maana bila hizo hutaelewa kilichotokea.

Mwalimu wake mmoja, mwanamke aliyezaliwa Osaka, alikuwa akiwaazima wanafunzi nakala za matangazo ya kwao. Moja lilikuwa la tamthilia: nusu ya uso wa mwigizaji imechorwa kwa mistari myembamba, nusu ya pili imejengwa kwa miraba na maduara. Jingine lilikuwa la muziki, na halikuwa na mwanamuziki hata mmoja, isipokuwa mistari myeusi iliyokuwa ikisogeleana kuelekea chini mpaka ikagusana. Jingine lilikuwa jeupe karibu lote, na jani moja la kijani pembeni, tena limekatwa na ukingo wa karatasi kama vile lilikuwa linapita tu njia. Mimi nilidhani wino uliwaishia. Niliwahurumia Wajapani kwa hilo, na siku moja nilimpelekea Mama mdogo kalamu zangu za rangi ili amalizie.

Hakunicheka. Alinikalisha kitandani kwake akanieleza, na mengi niliyaelewa baadaye sana. Alisema zamani Wajapani walichapa picha kwa vipande vya mbao vilivyochongwa: mstari mzito unauzunguka mwili, ndani rangi moja bila kivuli, na mchoraji haogopi kumkata mtu bega au mti kichwa kwenye ukingo. Picha zile zilisafiri hadi Ulaya. Wachoraji wa huko wakazipenda, wakaiga ule ubapa wa rangi, na matangazo ya barabarani ya Paris yakaanza kufanana nazo. Baadaye vijana wa Kijapani walikwenda Ujerumani, kwenye shule iliyofundisha kwamba duara, mraba na pembetatu vinatosha kusema karibu kila jambo, wakarudi nyumbani na somo hilo. Baada ya vita vikuu vya pili, Wajapani walipoanza upya kutengeneza matangazo, walichanganya yote: zile chapa za mababu zao, ule mpangilio wa Ulaya, na zile nembo za koo ambazo tangu kale walikuwa wakizichora ndani ya duara.

"Sasa ni ya Wajapani ao ya Wazungu?" niliuliza. Yeye aliniongelesha kwa Kiswahili na mimi mara nyingi nilijibu kwa Kiingereza, ila swali hilo nakumbuka lilitoka kwa Kiswahili.

Alivuta kitenge cha Mama kutoka kwenye kapu la nguo. Akaniambia michoro ya namna ile ilianzia kisiwa cha Java, Waholanzi wakaiiga kwenye viwanda vyao, wakaja kuwauzia Waafrika, Waafrika wakachagua rangi wanazotaka wao na kuyapa maua majina yao wenyewe.

"Haya, mama yako akivaa hiki akaenda kanisani, nani atamwambia amevaa nguo ya Java?"

Nilisema hakuna. Akasema basi, ndiyo hivyo hivyo.

Kuhusu ule weupe aliniambia Wajapani wana neno lake, ma, yaani nafasi iliyoachwa makusudi, kama pumzi anayoivuta mwimbaji kabla ya kuanza. Watu wote ukumbini wanajua wimbo unakuja, na kwa sekunde hiyo hakuna sauti. Alisema pumzi hiyo ni sehemu ya wimbo. Nilikubali kwa adabu. Moyoni bado niliona karatasi imepotezwa bure.

Maana sisi pia tulikuwa na afishi zetu, na mimi nilikuwa nimeshazisoma mpaka nikapata kanuni yake. Kwenye friji kulikuwa na afishi za kanisa na za kwaya. Zile zilijaa. Wachungaji wa suti, wake zao, mgeni wa heshima, prezida wa kwaya, makamu wake, kila mmoja na uso wake, nyuma yao ndimi za moto, juu yao herufi za dhahabu, na maikrofoni inayong'aa kama taa. Ilikuwa ni desturi: ukiwa na cheo usipowekwa kwenye afishi, umedharauliwa, na kuna watu ambao hawakusalimiana kwa muda mrefu kwa sababu ya jambo hilo. Sebuleni, juu ya televisheni, kulikuwa na karatasi mbili za namna nyingine. Moja ilikuwa ya babu, nyingine ya mjomba aliyebaki Bukavu. Kila moja ilikuwa na sura moja kubwa nyeusi na nyeupe, jina chini, tarehe, na weupe mtupu pande zote. Zilichapwa kwa ajili ya kilio, yaani msiba, watu wakazishika mikononi wakati wa maombi, kisha zikatundikwa ukutani.

Kwa hiyo kanuni yangu ilikuwa rahisi. Sura nyingi ni sherehe. Sura moja ni mtu aliyekufa.

Kazi ya mwisho wa mwaka pale chuoni ilikuwa kutengeneza afishi ya shughuli ya kweli, kuitundika mahali ambapo watu wanapita, na kuandika jinsi walivyoipokea. Kwaya ya kanisa letu la mtaa wa Fairfield ilikuwa na tamasha, na mwimbaji mkuu alikuwa Mama. Mama mdogo akaomba kazi hiyo. Papa Yohana, prezida wa kwaya, alikuwa mgonjwa wa mafua wiki hiyo, akakubali kwa simu bila kuuliza mengi.

Mama mdogo alimpiga Mama picha jikoni, Mama amesimama dirishani, macho amefumba, mdomo umefungwa, amejaza kifua hewa. Ile pumzi kabla ya wimbo. Aliikuza, akaiondoa rangi, akaishusha chini kulia hata bega na upande mmoja wa kilemba vikakatwa na ukingo. Juu akaacha weupe mtupu, na ndani ya weupe ule akaweka duara moja dogo jekundu. Chini kabisa, herufi nyembamba: NABINTU, jina la Mama. Kisha Jumamosi, saa, na jina la ukumbi. Basi.

Alipoikunjua kitandani, wino ukinukia chumba kizima, nilisimama nikaishika reli ya kitanda. Aliniuliza kama inapendeza. Nilisema ndiyo.

Siku zile nilimfuata Mama kila mahali. Alipokwenda chooni nilikaa nje ya mlango. Alipolala mchana baada ya zamu niliweka kiganja mbele ya pua yake, akaamka akaniuliza kama nina njaa. Sikuwa na hasira na mtu. Nilidhani watu wazima wanajua siku zao, na kwamba Mama alikuwa ameshaambiwa ni Jumamosi gani, na kwamba ndiyo maana alikuwa anapiga pasi sare zangu nyingi kwa mpigo.

Mama mdogo alizitundika afishi mwishoni mwa wiki: mlangoni mwa kanisa na dukani Fairfield, lile duka la unga wa muhogo na samaki wa chumvi ambalo kila mtu wetu hulipitia. Jumapili iliyofuata Mama alikuwa na zamu kwenye nyumba ya wazee. Simu yake aliifungia kabatini, kama walivyotakiwa wote. Baba alikuwa kazini kwake ghalani. Mama mdogo alibaki nyumbani nami ili aandike ripoti yake. Kwa hiyo kanisani siku hiyo kulikuwa na sura ya Mama mlangoni, macho yamefumba, na kiti chake cha kwaya kilikuwa kitupu, na simu yake iliita bila kupokelewa.

Walifika baada ya ibada. Nilisikia milango ya magari, kisha viatu vingi vikivuliwa kizingitini. Mama mdogo alifungua, na wanawake wakaingia bila neno, mikono kichwani, wakaketi chini sebuleni. Wanaume wakaleta viti vya plastiki na kreti za soda. Kwetu, mtu akija kwenye kilio haanzi kutangaza habari mlangoni. Anaingia, anakaa, analia na mwenye nyumba, kwa sababu mwenye nyumba ndiye anayejua. Mama mdogo hakujua. Aliangalia nyuso zile akaona kwamba kuna mtu wa kwao Bukavu ameondoka na kwamba wao wameambiwa kwanza. Hakuthubutu kuuliza nani. Akaanza kulia. Walipomwona analia, wakapata uhakika, wakaongeza.

Mimi peke yangu sikushangaa. Nililia pia, lakini kwa utulivu wa mtu aliyekuwa akiisubiri habari hiyo.

Jirani yetu Mama Wambui, nesi wa Kikenya, alisikia vilio akaja na thermos ya chai. Aliinama kwa Mama mdogo akamwambia, "Pole sana, sis. Ilikuwa ghafla ama alikuwa anaugua?" Mama mdogo akasema hata hajui ni nani. Mama Wambui akamimina chai, akaanza kutazama huku na huku kama mtu aliyeingia wodi isiyo yake.

Hapo Mama akarudi.

Aliviona viatu nje. Alisikia kilio ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akaingia na sare ya kazi, mfuko wa maziwa na mkate mkononi, akasimama mlangoni mwa sebule, na uso wake ulikuwa umeshaanza kuharibika kabla hajasema neno.

"Nani amekufa?"

Kilio kilikatika. Mwanamke mmoja akaanza kuomba kwa haraka, chini chini. Papa Yohana alinyanyuka kwenye kiti cha plastiki, akamtazama Mama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Nabintu," alisema. "Tulikuja ju yako, ju ya kilio yako."

"Ju yangu mimi?"

"Afishi iko kwa mlango ya kanisa. Sura yako moja, macho imefunga, na siku ya kuzika."

Mtu akampa simu yenye picha ya ile afishi. Mama aliweka mfuko chini, akaitazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na wanawake wakamkimbilia wakidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi chini katikati yao na kujifuta macho kwa kola ya sare. Baba aliingia wakati huo huo, na viatu vya ghalani na fulana ya kung'aa, amekimbia toka stesheni kwa sababu mtu alimpigia kumpa pole. Alisimama akamwangalia Mama. Alikwenda kwenye kreti, akafungua soda, akainywa yote akiwa amegeukia ukuta.

Mama mdogo alikuwa amesimama kando ya televisheni, chini ya sura ya babu na ya mjomba, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliziona. Aliziangalia, akaangalia simu, akaziangalia tena. Mwaka wake ulikuwa umekwisha pale, mbele ya kanisa zima, na kila mtu alijua ni nani ametengeneza karatasi ile.

Papa Yohana ndiye aliyeanza. Alisema, bila ukali, kwamba kijana asome kazi ya watu, kama uuguzi. Akasema afishi ya kwaya ina desturi yake: prezida, makamu, wachungaji. "Hata mimi sura yangu haiko."

"Papa Yohana," Mama akamwambia, "ukitaka kuwekwa peke yako kwenye karatasi nyeupe, sema tu. Furaha atakutengenezea."

Walicheka hadi Mama Wambui akamwaga chai. Papa Yohana mwenyewe alicheka, na akaomba asitengenezewe.

Kisha Mama akamgeukia dada yake. Hakupandisha sauti, na kwa kuwa ilikuwa ni ahadi kati yao wawili, wengine wakajifanya wanagawana soda.

"Tulisema kazi yako ionekane ina maana kwa watu."

"Ndiyo, dada."

"Kila mwaka tunaweka hizo sura zote na moto nyuma. Watu wanapita. Wengine wanakuja tamasha limeshaanza, wengine hawaji. Wewe umeweka sura moja, na watu wamevuka Sydney na viti vyao." Akaiinua ile simu. "Karatasi yako inasema, Furaha. Inasema kwa nguvu. Ila imesema uongo. Rekebisha hiyo, halafu uendelee na shule."

Mama mdogo alifunika uso kwa mikono. Halafu, kwa kuwa soda zilikuwepo na watu walikuwa wameketi na huwezi kurudisha viti bila kuimba, waliimba. Mama aliongoza akiwa na sare yake. Na Mama mdogo, pale pembeni, akachukua karatasi ya nyuma ya ripoti yake akaanza kumchora. Nilikwenda nikatazama. Safari hii alikuwa anachora mdomo.

Afishi ya pili ilikuwa na weupe ule ule, sura ile ile kubwa iliyokatwa na ukingo. Lakini mdomo ulikuwa wazi kabisa, meno yanaonekana, na lile duara jekundu lilikuwa limetoka juu likaingia mdomoni, kama sauti yenyewe. Hakuna mtu anayechapa picha ya marehemu aliyefungua mdomo. Niliitazama kutoka kitanda cha juu nikalala usingizi. Jumamosi ukumbi ulijaa, kwa sehemu kwa sababu watu walitaka kumwona aliyefufuka.

Ripoti yake aliiandika kama mambo yalivyokuwa. Mwalimu wa Osaka alimwomba awasomee wenzake, kisha akamwonyesha jambo ambalo Mama mdogo hulieleza mpaka leo ofisini kwake Parramatta. Zamani kule Japani, mwigizaji mashuhuri alipofariki, wachapaji wa mbao walitoa picha yake haraka ikauzwa mitaani. Picha za waigizaji hai nazo ziliuzwa mitaa hiyo hiyo, uso mkubwa vile vile. Watu hawakuchanganyikiwa, kwa sababu marehemu mara nyingi alivalishwa vazi la buluu iliyopauka, na kila mnunuzi alijua maana yake. Mama mdogo alikuwa amechukua uso mkubwa, amechukua weupe, amechukua duara, lakini hakuwa ameuliza watu wa Fairfield wana alama gani ya kumtambua aliye hai. Kuazima sanaa ya wengine si kosa, Wajapani wenyewe waliazima. Kilichobaki ni kujua macho yatakayoitazama yamezoea nini.

Hilo halihitaji chuo. Ukitengeneza afishi yoyote, hata ile ya haraka ya kwenye simu, kabla hujaituma itundike sebuleni, mwite mtoto mdogo kuliko wote nyumbani, umuulize huyu mtu amepatwa na nini. Usimuulize kama inapendeza. Kisha nyamaza, umwache amalize kujibu.